Mbona apu inasema kaskazini na bendera inasema kusini?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za upepo na nimefurahi sana, manake hii ndiyo topiki nilikuwa napenda kufundisha kuliko zote. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu ndiyo inafungua hizo zingine, kwa hivyo hata kama California hujawahi kuiwaza, isome tu.

SWALI: Habari Mwalimu. Mimi ni wa Kondele hapa Kisumu, dadangu mkubwa ameolewa California, wanaishi Long Beach karibu na Los Angeles na bwanake ana kaboti kadogo ka tanga. Nilikuwa kwao mwezi wa sita. Siku moja apu ya shemeji ikasema upepo wa kaskazini-magharibi noti 15 (kama kilomita 28 kwa saa), tukatoka asubuhi na mapema, kufika baharini upepo umelala, na ule kidogo uliokuwepo, kwa bendera ya boti, unatoka kusini-mashariki, yaani kinyume kabisa. Ukungu mzito, baridi mpaka mifupa, jua tumeliona saa nane mchana. Shemeji akasema tu "ni Catalina hiyo" akarudi kulala. Apu ilidanganya ama ni sisi hatukujua kuisoma?

JIBU: Pole kwa hiyo baridi dada. Wengi wakifika huko mwezi wa sita wanashangaa hivyo hivyo, wenyeji wameshazoea, wanaita giza la Juni. Apu haikudanganya. Upepo iliousema ulikuwepo kweli siku hiyo, ila ulikuwa unapita mbali na nyinyi, na huko kupita mbali ndiko kulikowaletea ule wa kinyume.

Tuanze katikati ya bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na California. Kiangazi chao kikifika, hapo hukaa hewa nzito inayoshuka kutoka juu na presha yake inapanda, mara nyingi inapita milibari 1025, kwa ramani utaona duara kubwa lina herufi H katikati. Upande wa pili ndani ya bara kuna majangwa, Mojave na Sonora kuelekea Arizona, jua linapiga huko hadi hewa inakuwa nyepesi na kupanda, presha inashuka. Sasa una uzito baharini na wepesi jangwani, na hewa siku zote inataka kusawazisha. Ungedhani upepo utatoka baharini uingie bara moja kwa moja lakini dunia inazunguka, na upande wa kaskazini wa ikweta hewa ikisafiri mbali inasukumwa kuume kwake, halafu kuna milima imejipanga kando ya pwani kama ukuta, basi upepo unajikuta unateremka sambamba na pwani kutoka kaskazini-magharibi. Huo ndio wa apu.

Halafu kuna kona. Angalia ramani uitafute Point Conception, magharibi ya Santa Barbara. Pwani imekuwa ikishuka kaskazini kwenda kusini, ikifika hapo inageuka ghafla ikielekea mashariki, na Los Angeles, Long Beach hadi San Diego zote ziko ndani ya hilo bonde la bahari nyuma ya kona. Upepo unaoteremka noti 25 au 30 hauwezi kupinda namna hiyo, unaendelea na safari yake huko nje baharini. Nyuma ya kona panabaki kama pengo, presha inashuka kidogo, na hewa inajikunja kuja kulijaza. Kama umewahi kusimama kwa gati pale Kisumu maji yakisonga, umeona gugumaji linavyopita pembeni kwa haraka, lakini lile lililonasa nyuma ya nguzo linazunguka polepole na hata kurudi nyuma lilikotoka. Gugumaji ni moja, maji ni yale yale, ila lingine liko nje ya nguzo na lingine liko nyuma yake. Nyinyi na shemeji mlikuwa nyuma ya nguzo.

Huo mzunguko ndio ile Catalina ya shemeji, umepewa jina la kisiwa cha Santa Catalina kilicho karibu na katikati yake. Upana wake ni kama kilomita 100 hadi 200, unazunguka kinyume cha mishale ya saa, na unatokea sana kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa. Ukiufuata kwa kidole utaelewa bendera yenu: upande wa magharibi upepo unashuka, upande wa chini unakata kwenda mashariki, na ukifika upande wa pwani unapanda tena kutoka kusini na kusini-mashariki. Hapo ndipo Long Beach ilipo. Na ule upepo wa kusini unarundika hewa ya baharini, baridi na yenye maji, dhidi ya milima ya huko, tabaka la ukungu linanenepa na kuingia bara zaidi, ndio maana jua lilichelewa. Saa pia zinalingana na ulichokiona, manake mzunguko huu hujenga nguvu usiku, unakuwa umekomaa alfajiri na asubuhi, halafu mchana nchi ikipata joto upepo wa kawaida wa bahari kutoka magharibi unaufunika.

Sasa kitu ambacho mimi naona watu wengi wanakikosa, na nataka ukishike vizuri umwambie hata shemeji. Ukiona utabiri wa huko nje ya Point Conception ni mkali, usifurahi kwamba na ndani mtapata. Ule mkali wa nje ndio unaolisha mzunguko wa ndani. Siku ambayo boya za kupimia upepo za huko nje zinasema kaskazini-magharibi noti 30 ndiyo siku ambayo Long Beach asubuhi inaweza kulala ama kupuliza kinyume. Kwa hivyo mtu anayechukua ile namba ya nje akaipunguza kidogo akidhani ya ndani ni ile ile ila ndogo, atakosea si kasi tu, atakosea hata mwelekeo.

Na kompyuta kwa nini isijue? Inajua kiasi. Modeli kubwa za dunia, yaani programu zinazokokotoa utabiri, hugawa uso wa dunia kwa vyumba vidogo, ile ya Marekani vyumba vya kama kilomita 13, ya Ulaya kama 9. Kisiwa cha Catalina chenyewe kina urefu wa kama kilomita 35, na pale kipana zaidi ni kama 13, kwa hivyo kwenye modeli hiyo kinakuwa kama vumbi, milima nayo inalainishwa inakuwa mifupi kuliko ilivyo. Mzunguko wenyewe modeli inauona lakini inaweza kuukosea katikati yake kwa kilomita 30 hivi, na ukiwa karibu na katikati hizo 30 zinatosha kugeuza upepo wa magharibi kuwa wa mashariki. Kwa namba inaonekana kosa dogo, kwa mwenye tanga ni siku nzima imeharibika.

Kuna na ile presha ya mbali ya Pasifiki yenyewe, haikai pahali pamoja. Ikisogea karibu na pwani upepo wa nje unakaza. Ikirudi nyuma ama ikisukumwa na presha ya chini inayokuja kutoka kaskazini, upepo unalegea, na wakati mwingine hewa baridi yenye ukungu inapanda pwani yote kutoka kusini, siku moja ama mbili. Ikinyoosha mkono ikaingia bara huko juu Oregon, upepo unaanza kutoka nchi kavu na ukungu unafagiwa wote. Hizo hali tatu zinaweza kupishana ndani ya wiki moja.

Mabaharia wa huko hawaangalii presha ya mahali pamoja, wanaangalia tofauti. Wanachukua presha ya uwanja wa ndege wa Los Angeles wanatoa ile ya Daggett, mji wa jangwani, wanajua bara linavuta kiasi gani. Halafu wanasoma boya iliyo nje ya kona na iliyo ndani, saa hiyo hiyo. Nje ikisema kaskazini-magharibi kali na ndani kusini-mashariki dhaifu, mzunguko upo, basi wanasubiri mchana. Shemeji alirudi kulala, nadhani alishaziona hizo namba.

SWALI: Mwalimu, kijana wangu amepata kazi ya boti za watalii kule Malindi, sisi ni watu wa Kakamega hatujui bahari. Anasema mwezi wa saba wanafungiwa siku nyingi juu ya kusi. Hiyo kusi inatoka wapi?

JIBU: Inatoka mbali sana mama, zaidi ya kilomita 3,000 kusini. Kwenye bahari ya Hindi, kusini-mashariki ya Madagascar na karibu na visiwa vya Mauritius na Réunion, kuna presha ya juu kama ile ya Pasifiki niliyoisema hapo juu, inaitwa Mascarene. Kuanzia mwezi wa sita inapata nguvu, na huko India na Arabuni jua limeshusha presha, basi hewa inasafiri kutoka kwa huyu kwenda kwa yule na pwani yetu iko njiani. Kule juu hewani, kama kilomita moja na nusu, huo upepo unakaza ukawa kama mto, mtafiti mmoja anaitwa Findlater aliueleza mwaka 1969 na hadi leo unatajwa kwa jina lake.

Kijana akitaka kujua kusi itakaza lini asiangalie mawingu ya Malindi peke yake, aangalie hiyo presha ya Mascarene. Ikipanda, siku chache baadaye Idara ya Hali ya Hewa huwa inatoa onyo la upepo unaozidi noti 25 na mawimbi ya zaidi ya mita 2, na wakisema hivyo asitoke hata kama ufukweni asubuhi kumetulia. Asubuhi hutulia kwa sababu ya umande, ule upepo mwepesi wa nchi kavu, unazuia kusi kwa saa chache tu. Na awasikilize wazee wa huko, wana majina ya kila upepo, kaskazi, kusi, matlai, na vile vipindi vya tanga mbili ambapo upepo haujaamua, hayo majina yamebeba maarifa ya miaka mingi sana.

SWALI: Mimi ni mkulima wa Njoro, Nakuru. Kila redio ikisema kuna kimbunga Madagascar, jirani mmoja ananiambia nipande haraka mvua inakuja, mwingine ananiambia kimbunga kimeiba mvua. Nani ananidanganya?

JIBU: Hakuna anayekudanganya ndugu yangu, kila mmoja anakumbuka mwaka wake. Machi 2018 vilikuja vimbunga viwili, Dumazile na Eliakim, upande wa mashariki wa Madagascar. Kusini ya ikweta kimbunga huzunguka kufuata mishale ya saa, kwa hivyo upande wake wa kaskazini upepo unakimbia kutoka magharibi kwenda mashariki. Huo mvuto ulisaidia kuleta hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo mpaka kwetu, na mvua ya mwaka ule unaikumbuka bila mimi kukwambia. Mwaka uliofuata, Machi 2019, kikaja Idai, lakini hicho kilikaa kwenye mlango wa bahari kati ya Madagascar na Msumbiji na kikapiga Beira. Safari hiyo hewa ikavutwa kusini na Kenya tukabaki na jua, mvua ndefu ikachelewa hadi watu wakapanda mara mbili.

Kwa hivyo swali la kumuuliza jirani ni kimbunga kiko upande gani wa Madagascar. Mashariki, tega masikio kwa upepo wa magharibi. Magharibi, kwenye mlango wa Msumbiji, usikimbilie mbegu. Lakini kimbunga hakifanyi kazi peke yake, kuna na wimbi kubwa la mawingu linalozunguka dunia kwa siku 30 hadi 60, wataalamu wanaliita MJO, na 2018 hilo nalo lilikuwa upande wetu. Ukiwa Njoro kitu unachoweza kukiona mwenyewe ni huu: mwezi wa tatu upepo umezoea kutoka mashariki, ukiamka siku mbili tatu mfululizo unatoka Mau, kitu kimebadilika.

SWALI: Jaduong' mwalimu, amosi. Baba ni mvuvi wa omena hapa Dunga na mimi ndiye nashika simu. Simu yangu ina kipima presha, inasoma 887, ikifika saa kumi jioni inashuka 884. Nimesoma kwa intaneti kwamba kimbunga kikali kuliko vyote duniani kilikuwa 870. Sasa kila jioni ikishuka naogopa. Na kuna usiku apu ilisema upepo wa kusini noti 6 tu, saa tisa za usiku baba akapigwa na upepo mkali wa kutoka nchi kavu, alirudi salama lakini nyavu na taa zote zilibaki ziwani. Tufanye nini?

JIBU: Mwanangu, namshukuru Mungu baba alirudi. Nyavu zinauma, najua taa za omena ni pesa ngapi, lakini alirudi.

Kwanza ondoa hofu ya 887. Ile 870 ya kimbunga Tip, mwaka 1979, ilipimwa usawa wa bahari. Wewe uko juu ya bahari kwa mita 1,130 na zaidi, hewa iliyo chini yako haikuhesabiwa. Hapa kwetu ukipanda kila mita 10 presha inapungua kama milibari moja, ukichukua matatu kwenda Nandi Hills na hiyo simu utaona imeshuka karibu 90 na hakuna kimbunga umepita njiani.

Pili, ile kushuka kwa jioni ni kupumua kwa hewa. Kwenye ikweta presha hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, inafika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, inafika chini karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, na tofauti ni kama milibari 3. Kila siku, jua au mvua. Watu wa Ulaya presha ikishuka 3 wanafunga madirisha, sisi ni ratiba tu. Ndiyo maana ushauri wa kipima presha ulioandikwa kwa nchi za baridi ukiuleta Dunga utakutisha bure.

Na kuna sababu kubwa zaidi. Kule California nilisema upepo unasukumwa kuume na mzunguko wa dunia, na ndio unaufanya utembee sambamba na mistari ya presha. Kisumu iko karibu juu ya ikweta kabisa na hapo huo msukumo haupo, ndiyo maana hata kimbunga hakiwezi kuzaliwa hapa. Hewa yetu inatoka penye presha zaidi inakwenda penye presha kidogo, moja kwa moja, na tofauti ndogo sana inatosha kuamsha upepo. Sasa modeli ya kilomita 13 itaionaje tofauti ya nusu milibari kati ya ziwa na vilima vya Nandi? Ghuba yetu ya Winam kuna pahali ni nyembamba kuliko chumba kimoja cha hiyo modeli. Mara nyingi namba unayosoma kwa apu imechanganya ziwa na nchi kavu kwa chumba kimoja, na huo upepo wa kuchanganywa hauko popote.

Ule uliompiga baba ni hivi. Mchana nchi inapata joto, upepo unatoka ziwani kwenda juu, unakutana na ule wa mashariki huko Nandi na Kericho, mawingu yanajenga, ndio ile mvua ya mawe inayoumiza majani chai. Jioni hizo mvua zinaweza kusukumwa kuja upande wa ghuba. Usiku mambo yanageuka, maji yana joto kuliko nchi, basi hewa inateremka kutoka vilima pande zote ikikutana katikati ya ziwa. Pale inapokutana inapanda na radi inazaliwa, na chini ya radi hewa baridi inaanguka kwa kishindo na kusambaa kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Huo mwagiko hauna mwelekeo wa utabiri, unatoka mahali radi ilipo. Noti 6 za kusini zinaweza kuwa ukweli hadi saa nane na dakika hamsini.

Kwa hivyo kipima chako kina kazi, ila si ile uliyofikiri. Hewa baridi ya radi ni nzito, ikifika presha inaruka juu ghafla, milibari moja mbili ndani ya dakika chache, na joto linashuka. Ukiona inapanda saa ambayo kwa ratiba ilitakiwa ishuke, radi imeshafika karibu. Lakini hapo muda umebaki mdogo mno, usimwache baba aitegemee akiwa ziwani. Cha kutegemea ni kabla ya kutoka. Kuanzia mwaka 2017 kulikuwa na mradi wa HIGHWAY, Uingereza walifadhili, idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda wakafanya pamoja, na utabiri wa ziwa ukaanza kutolewa kwa maeneo na kwa vipindi vya saa, unafika kwa redio na kwa BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo. Uliza ofisi ya BMU yenu wanaupokea saa ngapi, na usome kipande cha usiku, eneo lenu, kisha tafuta neno radi kabla hujaangalia noti. Makadirio yanayotajwa ni kwamba ziwa hili huchukua watu kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka, kwa hivyo hilo neno lina uzito kuliko namba yoyote ya apu.

Halafu nina kazi nataka kukupa juu naona una macho. Kwa wiki mbili za giza, zile omena zinavuliwa sana, andika presha saa nne asubuhi, saa kumi jioni na saa nne usiku. Pembeni andika mawingu ya upande wa Nandi yalikuwaje saa tisa mchana na baba alikuta upepo gani ziwani, ulitoka wapi na saa ngapi. Usisahihishe kitu. Ukimaliza nitumie daftari lote kupitia kwa mhariri, nitalisoma ukurasa kwa ukurasa na nitakujibu hapa hapa.